Mkono Wako Chini, Wake Juu: Mwongozo Kamili wa Kuzungumza kwa Mguso na Kiziwi Asiyeona

Ukiwa na ndugu, jirani au mgonjwa asiyesikia na asiyeona, swali la kwanza ni hili: nianzie wapi? Wengi wetu hapa Uganda tunaanzia pabaya. Tunamshika mkono, tunamvuta, tunamkalisha, tunamlisha, tunamvalisha, kisha tunasema haelewi. Angeelewaje na hakuna aliyemwambia kitu? Mikono yote iliyomfikia tangu asubuhi ilikuja kumfanyia kazi. Hakuna uliokuja kuzungumza naye.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya familia, walimu, wahudumu wa afya, wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji) na yeyote anayezungumza Kiswahili nchini, awe Bombo, Arua, Busia, Kasese, Kisenyi ya Kampala au Nakivale pamoja na wakimbizi kutoka Kongo. Kanuni moja imepita humu kote: mkono wako uwe chini, wake uwe juu. Mwenye mkono wa juu anasikiliza kwa hiari yake, anaweza kuuondoa akichoka, na anaweza kuurudisha akitaka kuendelea. Ukimshika kwa juu na kumkaza, umempokonya hiari hiyo. Kwa kiziwi asiyeona, kumbana mikono ni sawa na kumziba mtu mdomo na masikio kwa mpigo mmoja.

Jua kwanza ametokea njia gani

Usikimbilie kumfundisha alama. Uliza familia, au yeye mwenyewe kama kuna njia, ni kipi kilichotangulia: uziwi au kutoona. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Wako waliozaliwa viziwi, wakakua na lugha ya alama, kisha macho yakafifia. Wengine wana hali ya kurithi iitwayo Usher: mtoto huzaliwa haisikii sauti au anasikia kidogo, halafu utotoni au ujanani anaanza kushindwa kuona usiku, kisha uwanja wake wa kuona unabana kutoka pembeni kuja katikati. Wengine wamepotezwa macho na presha ya macho, au na trakoma, ugonjwa ambao umewatesa sana watu wa Karamoja na Busoga. Hawa tayari wana lugha kamili. Wanachohitaji ni lugha hiyohiyo ihamie mikononi.

Wako waliozaliwa hawaoni au waliopoteza macho mapema, wakasoma breli (maandishi ya nukta zinazoguswa), wakazungumza Kiswahili au Luganda kwa mdomo, kisha usikivu ukapotea kwa ugonjwa au uzee. Mtu wa namna hii huenda bado anaongea vizuri kwa sauti yake. Shida iko upande mmoja tu: maneno yako hayamfikii. Usimwanzishie lugha ya alama akiwa na miaka 60 wakati anajua kusoma. Mwandikie kiganjani.

Kundi la tatu ni watoto waliozaliwa bila kuona wala kusikia, au waliopatwa na homa ya uti wa mgongo wakiwa wachanga. Rubela, ugonjwa wa virusi unaofanana na surua, kwa mama mjamzito ni sababu mojawapo kubwa, na chanjo ya surua na rubela iliingizwa Uganda Oktoba 2019. Mtoto huyu hana lugha ya kuhamishia popote, kwa hiyo njia yake ni tofauti. Nitaifikia.

Kumbuka pia kwamba wengi wana mabaki ya macho au masikio. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kuwa asilimia 0.2 ya watu duniani wana hali hii kwa kiwango kikubwa, na asilimia 2 hivi kwa kiwango chepesi zaidi. Kwa hiyo pima: anaona mikono yako mchana ukikaa umbali wa hatua mbili? Anaona ukivaa shati la rangi moja? Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, nguo nyepesi isiyo na maua husaidia mikono ionekane. Kitenge chenye michoro mingi humchanganya. Na mtu mwenye uwanja mwembamba wa kuona, usimsogelee ukidhani unamsaidia. Ukikaribia mno anaona kidole kimoja tu.

Andaa mikono yako

Kata kucha. Vua pete zenye mawe, bangili na saa nzito. Kama umetoka kumenya vitunguu au kukaanga mukene (dagaa), nawa mpaka harufu iishe, maana uso wake utakuwa karibu na mikono hiyo kwa muda mrefu. Mikono iliyokauka na kupasuka inakwaruza. Mafuta kidogo yanatosha, yakizidi vidole vinateleza.

Kunawa kuna uzito wa pekee kwetu. Wakati wa korona mwaka 2020, na tena Ebola ilipozuka Mubende na Kassanda mwaka 2022, nchi nzima iliambiwa watu wasigusane. Kwa asiyeona wala kusikia, agizo hilo likifuatwa bila kufikiriwa linamkatia habari zote, hata habari ya ugonjwa wenyewe. Familia ipange mapema: mtu mmoja au wawili wanaoishi naye ndio watakaomzungumzisha, wote wananawa kwa sabuni kabla na baada, na yeye ananawa pia. Mtu akiwa mgonjwa, fuateni wahudumu wa afya wanavyoelekeza, lakini wahudumu hao waambiwe wazi kwamba mguso ndio lugha yake, ili nao watafute njia.

Kitu kingine cha kuuliza mapema ni nani anayefaa kumgusa. Kuna wanawake wasiopenda kuzungumziwa mikononi na mwanamume asiye wa familia, na hilo ni haki yao. Mtafutie mwanamke.

Kumfikia na kujitambulisha

Usimshtue. Mtu huyu hakusikii ukija wala hakuoni. Ukimdaka mkono ghafla anaruka, na hofu hiyo haiishi haraka. Weka kiganja chako begani au kwenye mkono wa juu, taratibu, na ukiache hapo. Usigonge-gonge. Mguso uliotulia unasema "nipo". Subiri ageuke au alete mkono wake. Ndipo telezesha mkono wako chini ya wake, kutokea upande, mpaka vidole vyake vilale juu ya vyako.

Sasa jitambulishe, kila mara, hata kama ulitoka dakika tano kwenda msalani. Viziwi wengi hupeana majina ya alama. Kama unalo, litoe. Kama huna, mkubaliane kitu kimoja cha kukutambulisha, ambacho hakibadiliki: kovu la mkononi, ndevu, kipini cha sikio ambacho hukivui, namna fulani ya kubana kidole gumba. Mchezo wa "nikisie mimi ni nani" uacheni kabisa. Unachosha, na wageni wanaupenda kupita kiasi.

Kuna jambo la heshima ambalo vitabu vya nchi za nje havilisemi. Katika familia za Kiganda, mdogo humpigia magoti mkubwa anapomwamkia. Bibi asiyeona wala kusikia atajuaje kwamba umepiga magoti na hujamsimamia kichwani? Piga magoti, weka mkono wako chini ya wake, na uache mkono wake ufuate wako mpaka uguse bega lako. Akilikuta bega liko chini ya usawa wa kiti chake, salamu imefika kamili. Fanya hivyo na utaona uso wake.

Herufi kwenye kiganja

Hii ndiyo njia ambayo mtu yeyote anayejua kuandika anaweza kuianza leo, bila kozi, kwa yeyote anayejua kusoma herufi za kawaida.

Kaa kando yake, nyote wawili mkitazama upande mmoja, ili herufi zisimfikie zikiwa kichwa chini. Mkono wako wa kushoto ubebe wake kwa chini, kiganja chake kikitazama juu. Kwa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, si kwa ukucha, andika herufi kubwa za kuchapa, zijaze kiganja chote. Kila herufi iandikwe palepale ilipoandikwa iliyotangulia. Ukizipanga kama kwenye mstari wa daftari zitaishia kwenye kifundo cha mkono. Neno likiisha, pumzika kidogo au bonyeza kiganja mara moja. Ukikosea, pangusa kiganja chote kwa mkono wako, uanze neno upya.

Chora kila herufi kwa mpangilio uleule kila siku. E ikianza leo na mstari wa wima na kesho na mistari ya mlalo, atapotea. Tarakimu nazo zitangazwe kabla: 0 na O, 1 na I, 2 na Z hazitofautiani kiganjani. Mkubaliane alama, kwa mfano kubonyeza kifundo cha mkono, maana yake "namba inakuja".

Kiswahili kina tabia zake kwenye kiganja. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo msomaji aliyezoea hulijua neno kabla hujalimaliza. Ukiandika CHAK na akatikisa kichwa kukubali, amekwisha kupata chakula. Usimalizie, nenda mbele. Vitenzi vyetu ndivyo vyenye kazi, maana neno moja hubeba nafsi, wakati na tendo. Hapo wengi hufupisha kwa kuruka mwanzo, wakati mwanzo ndio wenye habari. Tazama ATAKUJA na HATAKUJA. Tofauti ni H moja, na mtu anaweza kukaa mlangoni siku nzima akimsubiri asiyekuja. Kwa hiyo viambishi vya mwanzo viandike polepole na kwa ukamilifu, na ukanusho uutilie mkazo: andika H kwa nguvu zaidi, au tanguliza HAPANA. Ukitaka kufupisha, tafuta umbo fupi la kitenzi. TUTAKAPORUDI igeuze iwe TUKIRUDI. Sentensi ndefu ivunje vipande viwili.

Saa zinaleta hasara. Kadi ya kliniki huandikwa kwa hesabu ya Kiingereza, tisa asubuhi, wakati yeye anahesabu kwa Kiswahili. Mwandikie SAA 3 ASUB na usimwachie akokotoe.

Anayejua breli anaweza kusomewa hata bila karatasi. Japani wanayo njia ya kugonga vidole sita vya msikilizaji kana kwamba ni vitufe sita vya mashine ya breli. Ilibuniwa na mama wa Satoshi Fukushima, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Familia yenye mtoto aliyesoma breli inaweza kuijaribu nyumbani. Uingereza wana herufi za kugusa ambapo irabu zimewekwa kwenye ncha za vidole kwa mpangilio, A kwenye gumba, E, I, O, mpaka U kwenye kidole cha mwisho. Kwa lugha yenye irabu nyingi kama yetu, mpangilio huo unapendeza, lakini jifunze ule ambao mwenzio tayari anautumia.

Lugha ya alama mikononi

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo panapotakiwa subira.

Kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama anaposhindwa kuona, kwanza hushika vifundo vya mikono yako huku akiendelea kutazama. Vifundo humwambia mikono iko wapi, macho humalizia. Baadaye macho yakiondoka, viganja vyake huja juu ya migongo ya mikono yako, vidole vikikumbatia kwa wepesi. Mabadiliko haya yasisubiriwe mpaka siku ya mwisho. Kijana mwenye Usher anapoanza kujikwaa jioni, anzeni kuzungumza kwa mguso umeme unapokatika, kwa sababu giza hilo tayari linamkatisha mazungumzo. Akijifunza wakati bado anaona mchana, hatapitia kipindi cha ukimya ambacho huwavunja wengi moyo.

Kwanza, kukaa. Ana kwa ana, magoti yakipishana, au kwenye kona ya meza kila mmoja upande wake. Viwiko vyake vipate pa kuegemea, meza au mto, maana mikono iliyoning'inia hewani huchoka haraka. Wakalimani wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Naye msikilizaji apewe mapumziko, kwa kuwa kusikiliza kwa ngozi ni kazi ya akili na misuli pamoja.

Pili, punguza eneo. Alama zinazofanyiwa usoni au kifuani mwako zitamlazimu akuguse huko. Zishushe zije mbele ya kifua, karibu, au inamisha kichwa kidogo ufuate mikono. Alama kubwa zinazopanuka pembeni zinamchomoa mikono yake, zifinye.

Tatu, na hili ndilo linalowaangusha hata wakalimani wenye cheti: uso haupo. Katika lugha za alama, nyusi ndizo huuliza, kichwa ndicho hukanusha, mashavu ndiyo husema "sana" au "kidogo". Yote hayo yamepotea. Umeuliza "umekula?" kwa nyusi, yeye amepata "umekula". Anashangaa unamtangazia jambo analolijua. Kwa hiyo kila kilichokuwa usoni kihamie mkononi. Swali limalizie kwa alama ya kuuliza, au kidole kilichokunjwa ukikitikisa mkononi mwake. Ukanusho uwe na alama yake kamili. Mkazo uoneshe kwa misuli: alama iliyokazwa na ya ghafla ni "sana", iliyolegea ni "kiasi". Ukiwa na huzuni acha mikono iwe mizito. Anasoma hilo pia.

Nne, kunyooshea kidole hakuna maana mpaka ajue watu wamekaa wapi. Mwanzoni mwa kikao, chukua muda: nani yuko kushoto, nani mbele, mlango uko upande gani. Ndipo ukisema "yeye" na kuelekeza mkono, kuna mtu huko.

Tano, mjibu anapoongea. Mtu anayeona hupata ishara kila sekunde kwamba anasikilizwa. Asiyeona anaongea ndani ya ombwe kama humgusi. Weka mkono wako juu ya goti lake au mkono wake wa juu, ugonge polepole maana yake "ndiyo, endelea", upanguse maana yake "hapana", utikise vidole maana yake "ninacheka". Mtindo huu umekuzwa sana na viziwi wasioona wenyewe huko Seattle, Marekani, tangu 2007, wakiongozwa na aj granda na Jelica Nuccio. Msingi wao ni kwamba wenyewe ndio waamue mawasiliano ya mguso yaweje, wasingojee mkalimani awagawie. Nakubaliana nao kwa moyo wote.

Wawili wasioona wote wakikutana, mara nyingi kila mmoja huongea kwa mkono wa kulia na kusikiliza kwa wa kushoto: kulia kwako chini ya kushoto kwake, kulia kwake chini ya kushoto kwako. Mazungumzo huenda haraka kuliko unavyodhani, na hawahitaji mtu wa kati.

Kwa kutaja majina ya watu na mahali utatumia herufi za vidole. Herufi za mkono mmoja zinazotumiwa na viziwi wengi wa Uganda zina kundi moja la hatari kwa mguso: A, S, T, M, N na E zote ni ngumi kwa namna fulani. Zitofautishe kwa kuzifanya taratibu, hasa M na N, ambazo majina yetu yamejaa: Namukasa, Mbale, Nansana. Na kama mtu ametoka Bukavu au Goma, usidhani alama zake ni za Uganda. Muulize alama tatu nne za nyumbani kwao, maji, mama, kazi, utajua umbali uliopo.

Mjuze yanayotokea

Maneno peke yake hayatoshi. Wewe ukiwa kwenye arusi unajua nani ameingia, nani amekasirika, chakula kimefika wapi. Riitta Lahtinen na Russ Palmer walioko Ufini wamekusanya alama nyepesi za mgongoni na kwenye mkono wa juu zinazobeba habari hizi huku mikono ya msikilizaji ikiendelea na mazungumzo mengine. Chora chumba mgongoni: meza hapa, mlango pale, wewe uko hapa. Chora mdomo unaotabasamu anapotabasamu mtu anayezungumza naye. Watu wakicheka, chezesha vidole. Wakipiga makofi, pigapiga kwa kiganja. Tungeni zenu nyumbani, chache, zisizogongana, na zitumike vilevile na kila mtu.

Chakula kieleze kabla ya kula: chukua mkono wake uwe juu ya wako, mpitishe ukingoni mwa sahani, matoke huku, maharage kule, chai ya moto mkono wa kulia. Kisha mwache ale mwenyewe.

Mtoto aliyezaliwa hivyo

Mtoto huyu hajui kwamba vitu vina majina. Helen Keller, aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, aliligundua hilo Aprili 1887 huko Alabama, mwalimu wake Anne Sullivan alipomwandikia maji kwa vidole kiganjani huku maji yakimwagikia mkono wa pili. Wazazi husimuliwa kisa hicho wakakitarajia wiki ya kwanza. Kabla ya neno kuna ngazi nyingi.

Anza na vitu. Kila tukio la siku lipewe kitu kimoja kinachoguswa kabla halijaanza: kijiko kabla ya uji, kipande cha taulo kabla ya karai la kuoga, kipande cha kitenge cha mama kabla ya kubebwa mgongoni. Kitu kilekile, kila siku, na watu wote wa nyumbani. Baada ya wiki nyingi atashika kijiko na kutulia akisubiri uji. Siku nyingine atakuletea kijiko mwenyewe. Hapo ameomba kwa mara ya kwanza maishani mwake, na umpe uji huo hata kama si saa yake.

Kisha vitu hivyo vipange kwenye sanduku lenye vyumba, asubuhi mpaka jioni, ili ajue kinachofuata. Kikiisha, kitu kinaingia kwenye kikapu cha "imekwisha".

Mkono wako uendelee kuwa chini. Unamenya ndizi? Mikono yake ipande juu ya yako, ahisi ganda likichanika. Ukimshika juu na kumsukuma vidole, anachojifunza ni kwamba mikono yake ni mali ya watu. Wengine hufikia hatua ya kuificha mikono kabisa kwapani. Ukimwona mtoto wa hivyo, acha kumfundisha kwa muda. Kaa naye, fuata anachokifanya, akipiga meza nawe piga meza ukiwa umegusana naye. Jan van Dijk wa Uholanzi, aliyefanya kazi na watoto wa rubela, alijenga mbinu yake juu ya kutembea na kucheza pamoja na mtoto mwili kwa mwili, kabla ya alama yoyote.

Njiani

Yeye ndiye akushike, juu kidogo ya kiwiko, akiwa nusu hatua nyuma. Penye njia nyembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo wako naye atakaa nyuma yako. Kwenye ngazi simama kwanza. Mazungumzo marefu hayafanyiki mkitembea, simameni kando.

Boda boda: mpeleke mkono kwenye kiti, kisha aguse mahali pa kuweka mguu, kisha kofia. Mwendeshaji aambiwe hali yake kabla ya safari. Ukikaa nyuma yake, bonyeza paja maana yake tuta linakuja. Kwenye stendi ya taksi, kama Old Taxi Park, usimwache katikati ya watu hata kwa nusu dakika ukatafute nauli. Mwachie ukuta, nguzo au kiti mkononi, umwambie umekwenda na utarudi. Fimbo yenye michirizi myekundu na myeupe humtambulisha mtu kuwa haoni na hasikii. Inafaa madereva waifahamu.

Zahanati na pesa

Mkalimani anakaa karibu na mgonjwa, daktari anazungumza na mgonjwa. "Mwambie ameze" haifai. "Meza hizi" ndiyo. Kabla ya sindano, mruhusu aguse pamba yenye spiriti, mchoree mahali itakapochomwa, subiri akubali. Kumchoma mtu ambaye hakuambiwa ni kumfanyia ukatili, hata kama dawa ni nzuri. Na ndugu wa familia wasigeuzwe wakalimani katika mambo ya siri kama VVU au uzazi bila ridhaa yake.

Pesa azishike mwenyewe. Kila noti ipate mkunjo wake: 5,000 kwa urefu, 10,000 kwa upana, 20,000 mara mbili. Namba ya siri ya pesa za simu iwe yake peke yake. Simu ya kitochi ina nukta inayojitokeza kwenye 5, na kutoka hapo anazipata namba zote. Wakala akimwambia mwongozaji "nipe namba yake", jibu ni kwamba mwenye akaunti yupo na atabonyeza.

Hatari, na kuondoka

X kubwa iliyochorwa mgongoni inatumiwa katika nchi kadhaa kumaanisha: hatari, nifuate sasa, maelezo baadaye. Ifundisheni nyumbani, kwa jirani, na kwa mwenyekiti wa LC1, na mwifanyie mazoezi. Isitumike kwa jambo jingine lolote.

Ukiondoka, aga. Sema unakwenda wapi na nani anabaki naye, kisha mkono wake uufikishe kwenye kitu kisichohama. Usiondoke wakati bado anaongea.

Pa kujifunzia

Katiba ya 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa viziwi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia 2008, unayataja mawasiliano ya mguso kwa jina, na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2020. Ukinyimwa huduma, taja hayo. Wawakilishi wa watu wenye ulemavu wamo katika mabaraza mpaka Bunge, waendee.

Kwa mafunzo, tafuta Chama cha Kitaifa cha Viziwi Wasioona, NADBU, na chama cha viziwi, UNAD. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha ukalimani wa lugha ya alama, na shirika la Sense International linafanya kazi na familia za watoto viziwi wasioona hapa nchini. Ukimpata kiziwi asiyeona anayekubali kukufundisha mguso, mlipe nauli yake, ya mwongozaji wake, na muda wake, kama ambavyo ungemlipa mwalimu mwingine yeyote.